Jani Kavu la Mgomba: Filamu ya Kutisha kwa Hela Ndogo

NEEMA: Karibuni tena, tuko hapa Moshi, mvua haijakatika tangu alfajiri. Mkisikia bati linapiga kelele mtuvumilie. Mimi ni Neema.

ELIBARIKI: Na mimi Elibariki. Dada, bati ndilo lililoniharibia filamu yangu ya kwanza ya kutisha.

NEEMA: Ilikuwaje?

ELIBARIKI: Tulirekodi kwa bibi yangu, Old Moshi, ndani ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Sini kubwa, usiku, mwigizaji ameiva kabisa, machozi yanamtoka yenyewe. Maiki tuliyokuwa nayo ni ile ya kwenye kamera. Mvua ikashuka. Kuja kuediti, neno hata moja halisikiki, bati mwanzo mwisho. Usiku mzima umepotea, na chakula cha watu tisa.

NEEMA: Pole, kaka. Na ndiko wengi wanakoangukia. Mtu ana milioni mbili, moja na nusu anakodi kamera.

ELIBARIKI: Wakati kwenye filamu ya kutisha picha mbovu kidogo mtazamaji anasamehe. Giza, chenga, kamera kutikisika, yeye anaona ni hofu hiyohiyo. Sauti mbovu hasamehi. Chukua Paranormal Activity. Oren Peli aliirekodi mwaka 2006 nyumbani kwake San Diego, siku saba, kwa takriban dola 15,000. Kamera imesimama kwenye stendi chumbani, watu wamelala, huoni chochote. Ila kabla jambo halijatokea unasikia mngurumo mzito kwa chini. Ukishauzoea, safari nyingine ukianza tu, mwili unasisimka na hujaona kitu bado. Kumbini iliingiza zaidi ya dola milioni 190.

NEEMA: Hapo tuwaambie ukweli wasikilizaji. Hizo 15,000 ni za kurekodi. Kampuni kubwa ya filamu ya Paramount ilipoichukua, mwisho ulibadilishwa, na matangazo yakala hela nyingine kabisa. Mtu asiuze bodaboda yake leo kwa hesabu ya dola 15,000.

ELIBARIKI: Asiuze. Ila ashike hili la nyumba moja na waigizaji wachache. Kila ukihama lokesheni unalipa gari, unalipa mafuta, unafunga vyombo, unafungua, watu wanataka kula tena, na jua linazama.

NEEMA: Na nyumba tunazo! Kihamba usiku, ukungu umeteremka kutoka mlimani, migomba imebanana, mtu akisimama hatua tano humwoni. Kule Marangu kuna mapango waliyochimba wazee wetu kujificha wakati wa vita. Seti gani utajenga ishinde hiyo? Ila uingie kwa adabu, uombe wenye eneo, na kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mkononi kabla hujawasha kamera.

ELIBARIKI: Damu mnatengenezaje siku hizi?

NEEMA: Rozela. Ichemshe na sukari mpaka iwe nzito, tia kakao kidogo ikolee. Mwigizaji hata akiimeza haina neno. Ila mimi, Eli, kilichoniumiza siyo bati wala damu. Ni karatasi.

ELIBARIKI: Mkataba.

NEEMA: Msambazaji alitupa hela ya mkupuo, tukasaini bila kusoma, tukafurahi. Miezi imepita, naikuta filamu yangu kwenye kibanda umiza, watu wamejaa mpaka mlangoni, wanapiga yowe palepale nilipotaka wapige. Nilisimama nyuma nikalia. Furaha, na uchungu, maana kwenye kiingilio kile shilingi yangu haikuwemo.

ELIBARIKI: Yalimkuta hata George Romero, mwongozaji wa Marekani. Filamu yake Night of the Living Dead, mwaka 1968, huko Pennsylvania, kama dola 114,000. Jina la filamu likabadilishwa mwishoni, na walipoweka jina jipya, alama ya hakimiliki ikaachwa nje. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, basi, ikawa mali ya umma. Kila mwenye mashine ya kunakili akaiuza.

NEEMA: Kwa mstari mmoja wa maandishi! Siku hizi nasajili kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na simuuzii mtu filamu nzima. Nampa haki ya kuionyesha, tunaandika ni wapi na kwa miaka mingapi, na YouTube inabaki kwangu. Mkupuo unakuwa mdogo, kweli, ila hela inaendelea kuja.

ELIBARIKI: Kabla hatujafunga, nimekuja na kitu. Baada ya lile bati nilinunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Juzi nikalala kwa bibi, saa nane usiku nikaitoa nje ya dirisha. Wasikilizaji, vaeni spika za masikioni. Neema, zima taa.

[Kitu kinakwaruza ukuta, polepole. Kimya. Kinakwaruza tena, karibu zaidi.]

NEEMA: Nini hicho?

ELIBARIKI: Jani kavu la mgomba. Upepo tu.

NEEMA: Irudie.