Mita ya juu, mita ya chini: kiangazi kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wanafunzi, wakulima na wakazi wa mjini

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za mchana.

Hili karai nimeliazima hapo jikoni, na wameniambia wazi kwamba wanalihitaji kabla ya saa nane, kwa hiyo tuanze nalo. Mnaliona lilivyo: chini jembamba, juu pana. Namimina kikombe kimoja cha maji. Tazameni, yamepanda vidole viwili. Sasa nalijaza mpaka karibu na ukingo, halafu naongeza kikombe kilekile. Yamepanda? Kijana wa mbele anasema hayajapanda. Yamepanda, ila unene wa kucha tu.

Nyumba ya Mungu ni karai. Mito miwili inaingia: Kikuletwa unaokuja na maji ya Meru na ya upande huu wa Kilimanjaro, na Ruvu unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Tuta lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, bonde likafurika, na kwa kuwa tambarare ile ni tambarare kweli, maji yakatandazwa kama mkeka. Bwawa pana, lisilo na kina kirefu. Ukiona wanatangaza redioni kwamba limeshuka mita moja, swali la kwanza ni hili: mita ipi? Ya juu au ya chini?

Tupige hesabu. Kima cha juu ni mita 688.91 kutoka usawa wa bahari. Kima cha chini ambacho mitambo inaruhusiwa kufanyia kazi ni mita 679.15. Katikati pana mita 9.76, na hizo ndizo mali yetu. Likikaribia kujaa, tuseme eneo lake ni kilomita za mraba 140. Mita moja hapo juu ni mita za ujazo milioni 140. Ukifungua mita za ujazo 30 kila sekunde, na tusahau kwanza yanayoingia na yanayokauka, mita hiyo inakuchukua siku 54. Karibu miezi miwili! Sasa shuka chini, bwawa limesinyaa, tuseme limebaki kilomita za mraba 50. Mita ileile, kwa mfunguo uleule, inaisha kwa siku 19.

Ndiyo maana bwawa hudanganya. Mwezi wa sita linashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, kila mtu anasema tuna maji. Mwezi wa kumi linaporomoka. Wanaosema "mbona wiki iliyopita lilikuwa sawa" hawasemi uongo, wiki iliyopita kweli lilikuwa sawa.

Mimi nilianza kazi nikiwa msomaji wa geji. Geji ni ubao wenye alama, umesimikwa majini, unasoma maji yamefika wapi. Kazi ya mtoto, mtasema. Nami nilidhani hivyo. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa naenda kusoma saa kumi jioni, jua likiwa limepoa. Nikaleta daftari ofisini, mkubwa wangu akalitazama, akaniuliza: "Hili bwawa lako linapanda leo na kushuka kesho, limelewa?" Kumbe mchana upepo unavuma juu ya maji yale mapana, unayasukuma kuelekea upande mmoja, na mawimbi yanapiga ubao. Nilikuwa nasoma upepo. Tangu hapo nilisoma saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa yametulia kama kioo, wavuvi wakirudi na mitumbwi. Sentimita mbili za kusoma vibaya juu ya kilomita za mraba 140 ni karibu mita za ujazo milioni tatu. Mtu anatengeneza au anapoteza milioni tatu kwa jicho tu.

Sasa tuje kwenye umeme, maana ndiko lawama ziliko. Pale kwenye tuta pana kituo cha megawati 8. Wengi wakisikia hivyo wanacheka, megawati 8 ni kitu gani? Ila maji yakitoka pale safari yake haijaisha. Yanafuata Mto Pangani zaidi ya kilomita 200 mpaka Hale, kituo cha megawati 21, halafu Pangani Mpya, megawati 68. Nyumba ya Mungu maji yanaanguka karibu mita 27. Hale karibu mita 70. Pangani Mpya karibu mita 170.

Chukua mita moja ya ujazo, yaani mapipa matano ya lita 200. Ikipita Nyumba ya Mungu inatoa kama yuniti 0.06. Hale yuniti 0.16. Pangani Mpya yuniti 0.4 hivi. Jumla ni yuniti 0.6 na kidogo, taa ya wati 10 inawaka saa sitini. Katika hiyo yote, kituo chetu cha hapa juu kimechangia moja ya kumi tu. Kwa hiyo msiliite bwawa la kufua umeme. Liiteni ghala. Umeme wake uko Tanga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu. Kanuni ya mabwawa mengi ya umeme ni kwamba weka maji juu, kwa sababu maji yakiwa juu yanaanguka kwa nguvu zaidi, na kila tone linatoa umeme mwingi zaidi. Kanuni nzuri, na kwa bwawa refu kama kisima ni sahihi kabisa. Kwetu inagusa ile moja ya kumi tu. Bwawa likishuka mita tano hapa, Hale haijui. Mporomoko wake ni uleule. Tunayemlipa kwa kuweka maji juu ni mwingine kabisa.

Tunamlipa jua.

Tambarare zile mnazijua, kutoka Arusha Chini kushuka mpaka Mwanga ukipita saa saba mchana bila kofia unakiona cha moto. Tuchukue kwamba maji yanakauka milimita 6 kwa siku, ambacho kwa jua na upepo ule ni kiasi cha kawaida. Juu ya kilomita za mraba 140 ni mita za ujazo 840,000 kwa siku. Ukigawa kwa sekunde unapata karibu mita 10 za ujazo kila sekunde. Kumbukeni, Pangani Mpya ikiendesha mashine zake zote inahitaji kama mita 45 kwa sekunde. Jua linakunywa zaidi ya moja ya tano ya hiyo, usiku na mchana, halilipi ankara na halina kibali. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi mwisho wa Oktoba, siku 153, zinaondoka sentimita 92. Katika mita 9.76 tulizo nazo, karibu moja inakwenda angani.

Kwa hiyo mwendeshaji wa bwawa hili kiangazi amebanwa pande mbili. Akifungua sana mwezi wa sita, Oktoba atakuwa kwenye ile sehemu nyembamba ya karai. Akifunga sana, anaweka akiba ndani ya gunia lililotoboka. Hakuna siku ambayo jibu ni "funga" au "fungua" tu. Jibu ni kiasi gani, kwa tarehe gani, ili mvua za vuli zikichelewa uwe bado una maji, na zikiwahi usiwe umelilisha jua bure. Kwa kawaida unachora mstari kwenye karatasi: mwisho wa Mei maji yawe hapa, Julai hapa, Septemba hapa. Yakiwa chini ya mstari unapunguza mfunguo mapema, kidogo kidogo, wakati bado kidogo kinatosha. Kupunguza mita 3 za ujazo kwa sekunde mwezi Juni hakumuumizi mtu. Kuzipunguza 15 mwezi Oktoba ni mgao.

Nilishawahi kupigiwa simu mwezi wa sita na mtu wa ofisi moja, siitaji. "Bwawa limejaa, kwa nini mnabana?" Nikamweleza mstari. Akasema mstari hauwashi taa. Tukafungua. Miezi minne baadaye, mwezi wa kumi, simu ikapigwa tena, safari hii akiuliza maji yamekwenda wapi.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni mwendo. Ukigeuza gurudumu la mlango leo asubuhi, Hale hawapati maji leo jioni. Yanasafiri siku kadhaa, yanapita vinamasi vya Kirua, yanatawanyika, mengine hayafiki. Sasa njiani, kabla ya Hale, inaingia mito ya Mkomazi na Luengera kutoka Usambara. Mvua ikinyesha Usambara usiku mmoja, mito hiyo inajaa, Hale wanapata maji ya bure. Na maji yako uliyoyafungua Nyumba ya Mungu siku kadhaa zilizopita bado yako njiani, yanakuja kumwagika juu ya utoro, ile njia ya maji ya ziada, bila kuzungusha mashine. Umetoa kwenye ghala ukamwaga barabarani.

Haya si ya kwetu peke yetu. Mtera na Kidatu, mabwawa ya Mto Ruaha Mkuu, ni mapacha wa jambo hili. Kidatu ilianza kufua umeme mwaka 1975. Mtera ikajengwa juu yake kama ghala, nayo pana na isiyo na kina, mashine zake za megawati 80 zikaja mwaka 1988. Kidatu ina megawati 204. Wataalamu waliochambua upungufu wa miaka ya 1990 kule walikuta kwamba ukame haukuwa peke yake: maji yalikuwa yakifunguliwa Mtera huku Kidatu ikipata mito yake yenyewe na kumwaga. Mwaka 2006 Mtera ilishuka chini ya mita 690, kima chake cha chini, na nyote mnakumbuka mishumaa ya mwaka ule. Hata Kariba, bahari ile ya mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mwishoni mwa 2022 maji yake ya kufulia umeme yalibaki chini ya asilimia moja.

Mama mmoja ameuliza: kama chini ya 679.15 bado kuna maji, kwa nini msiyatumie? Swali zuri. Yapo, hata wavuvi wanavua humo. Ila mdomo wa kuingizia maji ukikaribia kuachwa wazi, maji yanaanza kuzunguka kama yanavyozunguka kwenye tundu la sinki, yanavuta hewa. Mashine ikila maji yenye hewa inatetemeka. Juu ya hapo, maji ya chini yana tope la miaka zaidi ya hamsini, na tope ni msasa. Unavuna yuniti chache unanunua gurudumu jipya la mashine.

Mzee wa Uru ananiangalia, najua anachotaka kusikia. Mifongo, ile mifereji ya kumwagilia ya mlimani. Mzee, mimi siilaumu mifongo. Maji ya mfongo wa migombani mengine yanazama ardhini na kutokea chini kwenye chemchemi. Na ile hadithi kwamba mito yetu inaishi kwa barafu ya Kibo tuiache, mchango wa barafu ni mdogo sana. Mito inalishwa na msitu na mvua inayozama. Kinachogusa bwawa kiangazi ni mashamba makubwa ya tambarare, mpunga na miwa, yanayochukua maji mengi miezi ileile ambayo mto una maji kidogo. Hilo ni la vibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, makao yake ni mji huuhuu. Nendeni mkawaulize wao, msiniulize mimi.

Swali la mwisho limetoka kwa kijana wa chuo nyuma pale: sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine tisa, megawati 2,115, je, vituo vyetu vitatu vyenye megawati 97 vina maana gani tena?

Kijana, umenifurahisha. Miaka yote mwendeshaji wa Nyumba ya Mungu alikuwa akikamuliwa kwa sababu nchi haikuwa na umeme mwingine. Kila megawati ilikuwa dhahabu, kwa hiyo ule mstari wa kwenye karatasi ulichorwa kwa wino wa umeme. Leo Gridi ya Taifa haianguki kwa sababu Hale imepunguza mashine moja mwezi wa kumi. Basi mstari unaweza kuchorwa upya: maji yatoke kwa majira yanayomfaa mkulima wa Kirua na wa Korogwe, bwawa lisishuke ghafla wakati samaki wanazaliana kwenye majani ya kandokando, na umeme uchukue kilicho njiani, maana maji yakipita yatafua tu. Mimi ningependa mstari huo ukae ukutani ambako mvuvi wa Lang'ata na mkulima wa mpunga wanaweza kuusoma kila Mei, pamoja na namba ya geji ya asubuhi ile.

Naona dada wa jikoni amesimama mlangoni. Karai linaondoka.