Mzigo umeshafika Dar, mbona hamuutoi? Haya leo nawajibu

Haya jamani mambo vipi, leo sipambi video wala nini, naongea tu, kwa sababu kila nikipost kitu swali ni lile lile, "dada mzigo si ulisema umefika Dar, mbona mpaka leo hamjautoa?", na kuna mmoja akaongeza eti nimefulia huku Uingereza nazugazuga tu. Sijafulia. Na siringi pia maana najua mtaanza, ni friji ya mama, cherehani na maboksi ya nguo za watoto, basi.

Iko hivi, mzigo ukishushwa kwenye meli unakuwa chini ya forodha. Risiti unazo, jina kwenye BL, ile hati ya mzigo ya meli, ni lako, lakini huruhusiwi kuufungua wala kuchomoa hata boksi moja ukampa shangazi mpaka kodi ilipwe na rilizi oda itoke, yaani ruhusa ya forodha ya kuutoa. Sheria yenyewe ni ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, kwa hiyo mnaonicheka kutoka Mombasa na Kampala na nyie sheria yenu ni hiyo hiyo.

Kukaa kwenyewe sio tatizo, tatizo unakaa kwa hela ya nani! Watu wanachanganya storeji na dimareji. Storeji unamlipa mwenye eneo, yaani bandari au hizi bandari kavu kama za Kurasini kule, dimareji unamlipa mwenye meli kwa sababu umemkalia kontena lake. Kuna siku za bure mwanzoni, zikiisha hesabu inaanza, na mimi nimelipishwa mpaka sikukuu ya Idi, ofisi zimefungwa, mtu wa kunihudumia hayupo, lakini bili ipo.

Sasa hapa ndo panaponiuma. Mimi nachangia kontena na watu wengine, siwezi kulijaza peke yangu. Mmoja wetu kaweka vitu hajaviandika kwenye orodha, forodha wakataka kontena zima likaguliwe, sisi tulioandika mpaka vijiko tukakaa tunamsubiri yeye. Aliyetukusanyia mzigo simu hapokei, simtaji. Huku kwenye grupu la familia mjomba anauliza hela ya kugomboa kweli nimeituma au naongea tu. Mjomba! Mimi natoka shifti ya usiku, sijala, naanza kubishana na wakala wa kutoa mzigo bandarini, anataka invoisi ya friji ambayo nimenunua kwa jirani anahama, jirani gani anatoa invoisi? Na kodi haipigwi kwenye bei ya friji peke yake, wanajumlisha na nauli ya meli na bima.

Mnaosema "weka boni", boni ni ghala ambalo kodi inasubiri mpaka siku unatoa mzigo, miezi 6, ukiomba wanaweza kukuongezea 3. Kwa mfanyabiashara sawa, anatoa kidogo kidogo anauza. Kwa maboksi ya nguo za watoto unalipa pango bila faida yoyote, mimi naona hivyo.

Na msifikiri mzigo unaweza kukaa tu milele. Ukipelekwa ghala la forodha wenyewe, hilo sio boni, na siku 30 zikapita hujautoa, wanatoa tangazo, toka tangazo una siku 30 nyingine, baada ya hapo inahesabika umeutelekeza, unaenda mnadani. Vitu vya kuoza hata hilo tangazo havisubiri. Na hela ya mnada inaanza kulipa kodi na gharama za mnada wenyewe na storeji mpaka nauli, sasa wewe unayeniambia utapata chenji sijui unategemea itoke wapi.

Ninavyofanya mimi, na nasema mimi, kila mtu na mfuko wake na wakala wake, hela ya kodi naiweka pembeni kabla sijalipia nafasi kwenye kontena, na karatasi zinamfikia wakala meli ikiwa bado baharini, maana kadhia, yaani kuutangaza mzigo forodhani, inaweza kuanza kabla mzigo haujafika.

Wanaorudi nyumbani jumla wana msamaha wao wa kodi, vitu vyako ulivyotumia na gari moja ulilolimiliki na kulitumia huku si chini ya miezi 12, ila viingie ndani ya siku 90 toka ufike wewe mwenyewe, ukipitiliza unaomba ruhusa. Mama yangu hahami kutoka popote, yuko Tandika siku zote, kwa hiyo friji yake inalipiwa.

Na wewe uliyeniandikia "dada nina TV mbili tu, nichomekee kwenye kontena lenu la Desemba", hapana. Lete orodha, lete risiti, lete na hela ya kodi kabisa ndo tuongee, na siku ya kupakia nakuja kuhesabu mwenyewe.