Nani Anafunga Swali?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku moja kompyuta yangu iligoma kutoa sauti. Nikanakili ujumbe wa hitilafu, nikautafuta mtandaoni, nikatua kwenye jukwaa ambako kuna mtu alikuwa na tatizo hilohilo, neno kwa neno. Watu wanne walikuwa wamemjibu, kila mmoja na dawa yake. Chini kabisa mwulizaji kaandika: "Imekubali, asanteni." Basi. Imekubali kwa dawa ipi? Nikapandisha macho nimjue huyo bahili. Nilikuwa mimi, miaka mitatu nyuma. Chekeni tu.

Tumezoea kuichukua alama ya "imetatuliwa", ile inayowekwa kwenye swali likishapata dawa, kama namna ya kushukuru. Aliyejibu inamtosha hiyo. Ila wasomaji wengi wa swali hawakuwamo kwenye mazungumzo. Wanakuja baadaye, wameletwa na injini ya utafutaji, na asante yako haiwasaidii kitu.

Tazameni Stack Overflow, jukwaa la maswali ya waandika programu za kompyuta, lililoanza mwaka 2008. Pale anayeweka tiki ya kijani, alama ya kulikubali jibu, ni mwulizaji peke yake. Anayejibu akikubaliwa hupata pointi 15, na mwulizaji naye hupewa 2. Mimi hizo 2 ndizo zinazonifurahisha. Mtu akishapona haonekani tena, ndiyo tabia yetu, kwa hiyo wakamwekea chambo kidogo ageuke nyuma. Tena ukigundua dawa mwenyewe, unaruhusiwa kuandika jibu lako na kulitia tiki baada ya siku mbili, ila hapo pointi huambulii.

Kwa miaka mingi jibu lenye tiki lilikaa juu ya mengine yote. Mwaka 2021 wakaliondoa pale juu, likaanza kupangwa pamoja na wenzake kwa kura. Mwulizaji anachoshuhudia ni kwamba kwake, siku ile, kwa toleo lile la programu, mambo yalikaa sawa. Toleo likibadilika, tiki inabaki palepale na ukijani wake, na jibu lililo sahihi leo limekaa chini yake.

Sasa, mnaosimamia majukwaa, hapa tutagombana kidogo. Swali likikaa kimya wiki kadhaa mnalifunga, mtu asiweze kuongeza neno, na pengine mmeiachia programu ilifunge yenyewe. Kimya cha mwulizaji mmekisoma vipi? Huenda amepona. Huenda amekata tamaa, au amenunua kompyuta nyingine. Kufunga ni kazi ya usafi, sina ugomvi nayo. Lakini kutatuliwa ni ushahidi, na shahidi ni mmoja. Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu uliotoka mwaka 1998 kwa watu wa Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, ulitenganisha mambo haya mapema: fundi akisema amemaliza, hiyo ni hatua moja, mtu kuhakiki kwamba kweli imepona, hiyo ni hatua nyingine. Na hata kumaliza kwenyewe kuna sababu yake iliyoandikwa: imerekebishwa, ni marudio ya nyingine, au hatutairekebisha. Hiyo ya mwisho inauma, lakini angalau msomaji anajua asisubiri.

Pasipo na kitufe cha kutia alama hiyo, watu huhariri kichwa cha ujumbe wa kwanza wakaongeza IMETATULIWA kwenye mabano. Inafaa, mradi ndani yake kuwe na mstari mmoja: nilifanya hiki, kwenye toleo hili. Kama tatizo limepona nusu, sema nusu.

Mtaniuliza nilifanyaje na ile sauti. Nilijaribu dawa zote nne usiku uleule, na iliyofanya kazi ilikuwa ya tatu. Nikarudi kwenye swali langu ili niandike hivyo, nikakuta msimamizi ameshalifunga.