Farasi mwenye pembe na bingwa wa chesi Mbeya

Kamwene wana Iringa. Wana Mbeya, mugonile. Nimerudi Leipzig, hapa Ujerumani, juzi usiku, begi bado liko mlangoni, lakini hii video haiwezi kungoja.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona hii? Huyu ni farasi wa chesi. Ndiyo, ana pembe. Ni ng'ombe. Baba yangu mdogo ni fundi seremala pale Mafinga, na farasi hajawahi kumgusa. Ng'ombe anamjua mpaka mshipa wa shingo, kwa hiyo akachonga ng'ombe.

Kete zote 32 kazitoa kwenye mabaki ya mbao. Nyeupe ni msindano wa msitu wa Sao Hill, nyekundu ni mninga. Chesi yeye hachezi, ni mtu wa bao. Siku namweleza kwa simu kwamba chesi ina nyumba 64 na kete 32, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bao lina mashimo 32 na kete 64. Basi hiyo michezo ni ndugu, mwanangu." Mimi nimecheza yote miwili tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo.

Nikamwambia kuna kete inaitwa ngome. Akauliza, ngome ipi? Anayoijua yeye ni ya Mkwawa, pale Kalenga, iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Sasa tazameni hapa, naisogeza karibu. Huu ni ukuta wa mawe, kachora jiwe moja moja kwa msumari uliopashwa moto. Upande huu kaacha ufa. Hakunieleza ufa ni wa nini na mimi sikumuuliza. Nikiishika hapa Ujerumani nakaa kimya kidogo.

Malkia kafungwa kilemba. Msindano ni mwepesi, ukipita upepo kete zinaanguka, kwa hiyo kila kete katoboa chini akatia nati ya boliti, akaziba kwa gundi na unga wa mbao, halafu akabandika kipande cha sweta kuukuu ili isikwaruze ubao. Nimenunua seti za dukani hapa, na hakuna inayotulia mkononi kama hii.

Basi nikapanda gari Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mpaka Uyole, kete zikiwa kwenye kapu miguuni. Vijana wa Mbeya walikuwa wamemwalika bingwa kutoka Zambia, ana cheo cha FIDE Master, kinachotolewa na shirikisho la chesi duniani. Kwa kawaida cheo hicho hukipati mpaka alama zako za uchezaji zifike 2300. Wazambia wako mbele yetu kwenye mchezo huu, tuseme ukweli. Amon Simutowe, grandmasta wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara, ni Mzambia, na Zambia ni hapo tu, ukishavuka Tunduma.

Meza zilikuwa 12, zimepangwa duara. Yeye anazunguka katikati, anacheza na wote 12 kwa pamoja. Mvua inapiga bati, watu wanasukumana kuchungulia. Meza kumi na moja zina kete za plastiki, yangu peke yake ina za mbao. Kwenye meza nyingine alisalimia, akasogeza askari, akapita. Kwangu alisimama. Akachukua kete moja moja, akaigeuza, akaipapasa kichwa, akairudisha mahali pake. Ng'ombe alimshika muda mrefu zaidi. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Tunduma, "Nani kachonga?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, ndipo akaanza.

Nilidhani anasifia kazi tu. Kumbe alikuwa anajifunza kete.

Maana ipo kasoro moja. Baba mdogo kawachonga maaskofu vichwa vya mviringo, sawa na askari, wanazidiana urefu kidogo sana. Mimi mwenye seti nilikuwa sijakaa chini kuzizoea. Bingwa alikuwa na askofu, kete inayokwenda mshazari, pale nyumba ya d3, na mimi nilipotazama niliona askari. Nikampeleka mfalme wangu pembeni kujificha nyuma ya ngome, nikatulia. Alipozunguka tena, yule "askari" wa d3 akateleza mshazari ubao mzima, akala askari wa mbele ya mfalme wangu. Shahi! Yaani mfalme kashambuliwa. Nikamla. Ng'ombe akaruka, shahi nyingine. Mfalme akarudi kona, malkia mwenye kilemba akatoka, na pale hapakuwa na pa kwenda. Nilimlaza mfalme, yaani nikakubali kushindwa, hatua ya 19.

Iliniuma, sitaficha. Lakini nilielewa kwa nini kete za mashindano zina umbo moja dunia nzima, lile liitwalo Staunton, lililosajiliwa Uingereza mwaka 1849. Kichwa cha askofu kina mkato, ili jicho lisidanganyike hata ukichoka.

Meza zote zilipokwisha, bingwa alirudi kwangu. Nilimwonyesha maaskofu, nikamwambia nitamwomba fundi atie ule mkato. Akasema hapana. Akanikumbusha kwamba Waarabu, ambao kwao tumepata neno sataranji, hiyo kete wanaiita fil, yaani tembo. "Ninyi mna tembo wa Ruaha hapo," akasema, "askofu wa nini?"

Jamani, hilo neno limeninyima usingizi. Vijana wa Iringa na Mbeya, mabaki ya mbao yamejaa Mafinga, yanachomwa kila siku, na shule zetu zinangoja plastiki itoke nje. Mchongeni tembo. Mchongeni ng'ombe. Ila kabla ya kucheza, papaseni kete zenu zote 32 kama alivyofanya yule bwana.

Jana nilimpigia baba mdogo nikamweleza habari ya tembo. Asubuhi hii nimekuta ujumbe wake wa sauti, nyuma randa inasikika. Anasema, "Mwanangu, mkonga niuinue au niushushe? Nikiuinua, nyuzi za msindano hazitashika, utavunjika. Niambie leo, mbao nimeshakata."