Mkia wa Simba Hautaki Kubembelezwa

Ndugu zangu, nimealikwa kuzungumzia maua, na wanaonijua wanajua nitaishia Naivasha, kule Kenya. Nivumilieni.

Mnaotunza bustani hapa California mnaujua mkia wa simba: shina la pembe nne, maua ya rangi ya chungwa yamelizunguka duara juu ya duara, laini kama mahameli. Asili yake kusini mwa Afrika. Huchanua bustani za jirani zikiwa zimeanza kuchoka, ndiyo maana kolibri, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, hawabanduki hapo. Halafu naulizwa, tena na tena: "Mbona kwangu hawaji?" Nikienda kutazama, nakuta mche mmoja. Mmoja! Tena kwenye kivuli cha ukuta.

Haya, Naivasha. Miaka ya 1970 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walimchunguza huko ndege aitwaye chozi mwenye mabawa ya dhahabu, anayenyonya maua ya jamaa wa mmea huu, yule anayejiotea kama gugu kandokando ya mashamba yetu. Chozi huyo hulinda eneo lake. Mgeni akitua, anafukuzwa. Maeneo yenyewe yalipishana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, kama 1,600. Ndege hapimi ekari, anapima chakula! Maua yakiwa haba, kuyapigania hakumlipi.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa: hao ni chozi, sisi huku tuna kolibri. Sawa, mzee wangu. Chozi hutua kwenye shina, kolibri huelea hewani. Ila tumbo ni tumbo, na kolibri naye ni mgomvi wa maua. Wapo wasiohama pwani hii hata wakati wa baridi. Novemba watakula nini kwako?

Kwa hiyo pandeni kundi, juani kabisa. Mtaniambia hamna nafasi. Ya nyasi mnayo! Nyasi mnazimwagilia kila jioni, bili ikija mnalia.

Na maji, jamani! Mmea ukishashika mizizi, wekeni mpira wa maji chini. Maji na samadi nyingi huleta majani na mashina marefu yanayolala. Maji yakituama, mizizi inaoza.

Naonyeshwa saa. Kupogoa: baridi ikiisha kateni karibu na ardhi, msione huruma, maua huja kwenye machipukizi mapya. Vipandikizi vinashika bila shida. Mbegu ziko pale mezani. Ambaye kwake hakuna jua asichukue.