Akiba Haiozi, Makorokoro Yanaoza

Ndugu zangu, habari za jioni. Kabla sijasema lolote naomba msikilize hiki kikopo. (Anakitikisa.) Walioko nyuma mmesikia? Humu mna funguo 14. Nimezihesabu asubuhi. Hakuna hata mmoja ninaoujua unafungua nini. Nimehama nazo nyumba tatu, na kila nikihama nazifunga vizuri zisije zikapotea. Ukiniuliza za nini, nitakujibu alivyokuwa akijibu mama yangu: huwezi kujua.

“Huwezi kujua” ndilo jina la ugonjwa wetu wa leo. Jina lake la heshima ni “akiba haiozi”.

Methali siipingi. Waliotuachia walijua maana ya kukosa. Ila wao walisema akiba. Akiba ni kitu unachojua kiko wapi, ni kiasi gani na kiko katika hali gani. Siku ya shida unanyoosha mkono tu. Kitu unachokitafuta nusu saa, ukakikosa, ukaenda kununua kingine, halafu wiki inayofuata ukakikuta uvunguni mwa kitanda, hicho hukuwa nacho. Kilikuwa kimepanga tu chumba kwako, tena bila kulipa kodi. Siku moja nyumbani kwangu zilikusanywa bisibisi nne za aina moja. Kila moja niliinunua kwa sababu “hatuna bisibisi”.

Halafu makorokoro yanaoza, tena kimyakimya. Lastiki ya nguo hulegea hata kama nguo haijavaliwa. Raba hukauka ikapasuka. Betri zikisahauliwa ndani ya tochi huvuja, na kinachovuja kwenye zile za alkali ni kemikali kali inayokula vile vibati vya ndani, kwa hiyo unapoteza betri na tochi pamoja. Dawa ya klorini ya kung’arisha nguo hupungua nguvu mwezi hadi mwezi hata chupa ikiwa imefungwa. Na boksi la karatasi lililowekwa sakafuni hunywa unyevu. Mende nao hupenda giza la mikunjo yake, na gundi yake ni chakula chao. Ukilundika maboksi chumbani, ujue kuna wanaonufaika.

Sasa, wale wanaotufundisha kupanga nyumba kwa picha nzuri husema: tupa, ukikihitaji utanunua kingine. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye kununua kingine hakumuumizi. Mwenye kipato kidogo halundiki kwa ujinga. Analundika kwa sababu aliwahi kutupa akajuta. Kwa hiyo mimi siulizi kama kitu kinakufurahisha. Beseni halinifurahishi, lakini bila beseni hatufui. Mimi nauliza mawili. Kikihitajika usiku umeme ukiwa umekatika, nitakipata? Na nikikikosa, kupata kingine kutanigharimu nini: fedha, foleni, au kumwomba jirani? Cheti cha kuzaliwa kukitafuta upya ni fedha na foleni, basi kinakaa, tena mahali pa heshima. Kifuniko ambacho chombo chake kilipasuka zamani kinaondoka leo. Ugumu uko kwa vile vya katikati.

Na ugumu huo una sababu. Mwaka 1990 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi walipewa vikombe vya kawaida kabisa, wengine hawakupewa, kisha wakaachwa wauziane. Waliopewa walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kikombe ni kilekile, tena mtu amekuwa nacho kwa muda mfupi tu! Sasa fikiria kikombe ulichokaa nacho miaka tisa. Ndiyo maana ukishika kitu usijiulize “kina thamani gani?” Mkono wako umeshakidanganya kichwa. Jiulize: kama kisingekuwa changu, ningekinunua leo, kikiwa hivi kilivyo? Koti lile mlilolitunza, mngelinunua? Mama pale mbele anatikisa kichwa. Haya, moja limekwisha.

Niwape kosa langu kubwa ili msilirudie. Nilipoamua kubadilika nilichukua Jumamosi nzima, nikatoa kila kitu chumbani, nikakimwaga kitandani. Saa kumi jioni watoto wakarudi na njaa. Saa nne usiku nilikuwa bado nimekaa sakafuni nasoma barua za miaka ile, na mume wangu anauliza kwa upole atalala wapi. Tulilala sebuleni kwenye mito ya kochi. Jumapili asubuhi vyote vilirudi kabatini kama vilivyotoka, safari hii kwa hasira.

Familia haina Jumamosi nzima. Ina dakika 20, na wakati mwingine hata hizo ni za kuiba. Kwa hiyo chukua droo moja. Imwage kwenye shuka, tenga, rudisha, funga, nenda kapike. Usianze na picha wala barua wala nguo za mtoto alipokuwa mchanga, hapo utakwama. Anza na mahali pasipo na machozi: dawa zilizopita muda, chaja za simu zilizokufa, chupa tupu bafuni. Dawa za zamani usizimwage chooni na usimpe mtu. Uliza duka la dawa kama wanazipokea. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala usiibane kwenye droo, inaweza kuwaka moto. Itoe ndani ya nyumba, ikae mbali na vitu vinavyoungua mpaka uipeleke wanakopokea taka za umeme.

Kuhusu kununua vyombo vya kupangia, mniwie radhi wauzaji mliomo humu. Msinunue chochote katika mwezi wenu wa kwanza wa kupunguza vitu. Viwanda vya Japani vina utaratibu wao wa hatua tano, na ya kwanza, seiri, ni kutenga kinachotakiwa na kisichotakiwa. Kupanga, seiton, ni ya pili. Sisi tunaruka ya kwanza. Tunaona nyumba imejaa, tunakwenda kununua masanduku ya plastiki, na sasa tuna makorokoro pamoja na masanduku. Ukishapunguza utashangaa: vyombo vinavyobaki tupu ndani ya nyumba hiyohiyo vinatosha. Boksi la viatu ndani ya droo linagawa soksi na vitambaa vizuri tu, mradi ni pakavu. Mtungi wa kioo unaonyesha kilichomo bila kuandikwa. Ndoo iliyopasuka mpini inabeba vifaa vya usafi. Mkanda wa karatasi na kalamu vinatosha kuandika majina, nanyi andikeni, kwa sababu mahali ambapo ni mama peke yake anapajua si mahali. Hata baada ya mwezi huo, ukiona lazima ununue, pima kwanza. Upana, kina na urefu, uandike. Nimewahi kubeba rafu nzuri mpaka nyumbani ikazidi ukuta kwa vidole viwili.

Vizito viwekwe chini, vya kila siku viwe kati ya kiuno na macho, vya mara moja kwa mwaka juu kabisa. Kabati refu likiegemea tu ukuta, lifungwe kwa kibano na skurubu; mtoto hupanda droo kama ngazi. Na kabati lisigande kwenye ukuta wenye unyevu, liachie nafasi ya vidole vitatu hewa ipite, la sivyo nguo zitaota ukungu mgongoni. Mafuta ya taa na dawa za kusafishia vibaki kwenye chupa zake. Kumimina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda “kwa sababu ile kubwa inachukua nafasi” ni kumtegea mtoto mtego. Hapo sina mzaha.

Niseme kidogo juu ya watu, maana vitu havikujileta vyenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliangalia wanandoa wanaofanya kazi wote wawili. Wanawake walioielezea nyumba yao kwa maneno ya vurugu na kazi zisizokwisha, kotisoli yao, ile homoni ya msongo, haikushuka mchana kutwa kama inavyopaswa. Kwa waume jambo hilo halikujitokeza vile. Wababa msicheke, na akina mama msishangilie, kwa sababu utafiti huo hausemi kipi kilimzaa mwenzake. Mimi nachokiona ni kwamba mmoja akiangalia lile rundo anaona kazi yake, mwenzake anaona rundo.

Lakini hilo halikupi ruhusa ya kutupa vitu vya mtu. Niliwahi kutupa redio mbovu ya mume wangu. Miaka sita haijalia. Alipogundua hakugomba, alikwenda tu kukaa nje. Kumbe ilikuwa ya baba yake. Tangu hapo nyumbani kila mtu ana sanduku moja, analijaza apendavyo, mimi siligusi. Likijaa, anayetaka kuingiza kipya anatoa cha zamani. Hata mtoto wa miaka mitano analielewa hilo, kwa sababu anayemkatalia ni sanduku, si mama.

Ndiyo, dada, uliza.

Anauliza vitu vya marehemu. Mama yake alifariki, na chumba hakijaguswa.

Dada, pole sana. Hivyo viache mpaka mwisho, na usivifanye peke yako. Mwite ndugu mmoja anayejua habari za kila kitu, na mnapotoa mwache asimulie. Mtoe nyaraka kwanza, kwa sababu hizo zina haraka zake: hati, vitabu vya benki, vyeti. Nguo zaweza kungoja. Unapochagua, usichague kilicho ghali, chagua kilichoshikwa naye zaidi. Mimi nilibaki na kijiko cha mbao cha mama, kimeliwa upande mmoja kwa kukoroga. Nakitumia. Seti nzima ya vyombo vyake vya wageni nilimpa binamu yangu, maana hata mama mwenyewe alikuwa haigusi. Na kama mwaka huu huwezi, funga mlango. Chumba hicho si makorokoro.

Mzee anauliza vinavyotoka viende wapi. Kizima apewe mtu anayekitaka, na umuulize kabla ya kumbebesha. Kumpa jirani chombo kilichopasuka ni kumhamishia taka kwa adabu. Cha kuuzika kiuze wiki hiyohiyo. Mfuko wa “nitauza” ukikaa mlangoni zaidi ya mwezi, unarudi ndani wenyewe, nauona kila mara.

Tumebakiwa na dakika 10. Fungueni mikoba na pochi, mmwage juu ya viti. Ndiyo, sasa hivi, na wababa pia. Toeni risiti zote. Ile yenye dhamana ya kitu ipigeni picha, kwa sababu risiti nyingi za mashine hufifia zikipata joto na baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Nyingine, ndoo iko mlangoni. Na mwenye kufuli lisilo na ufunguo aje hapa mbele tujaribu, ninazo 14.