Kipimo cha kinyama kwanza, kisu baadaye

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya kumwona daktari wa upasuaji wa saratani. Kazi yangu ni hiyohiyo ya kupasua, na bado nitawaomba msikikimbilie kisu.

Shangazi yangu alipata uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya njugu mawe. Akaenda kituo kimoja cha karibu na nyumbani, akachomwa ganzi, uvimbe ukatolewa, akashonwa, akarudi shambani. Kile kinyama kilitupwa. Hakuna aliyekipeleka maabara. Baada ya miezi minane uvimbe ukarudi palepale, na safari hii kwapani nako kulikuwa na tezi. Alipofika kwangu hakuwa na karatasi hata moja ya kunionyesha kilichotolewa mara ya kwanza kilikuwa nini, kilikuwa na ukubwa gani, na kama kingo zake zilikuwa safi, yaani hazina saratani. Tukaanza upya, tukiwa tumechelewa. Wakati ule nilikuwa tayari daktari, na hakuniambia kwa sababu hakutaka kunisumbua. Linaniuma mpaka leo.

Basi ukikaa mbele ya daktari wa upasuaji, muulize kwanza, "Daktari, tumeshajua huu uvimbe ni nini?" Kwa titi, mara nyingi tunatumia sindano nene inayochukua vipande vyembamba vya nyama, kwa ganzi tu, na mgonjwa analala kwake siku hiyohiyo. Vipande vinatiwa kwenye formalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, vinakwenda kwa daktari wa patholojia, naye ndiye anayesema kama ni saratani na ni ya aina gani. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na kungoja huko kunachosha roho, nakubali. Lakini uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ukiwa saratani, aina yake na ilipofikia ndivyo vinavyoamua tuanze na kisu, au tuanze na kemo, yaani dawa za kuua saratani, ili uvimbe usinyae kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuingia kwenye nyama zinazouzunguka kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi pamoja na kemo. Mama akitolewa kizazi kabla ya kupimwa vizuri, atauguza kidonda na mionzi bado inamngoja.

Kuna viungo ambavyo kwa kawaida hatuvichomi sindano, kama korodani. Pale kiungo hutolewa kizima ndipo kikapimwa. Hata hivyo uliza kinakwenda maabara gani, majibu yatatoka lini, utayachukua kwa nani. Karatasi hiyo itunze kama hati ya kiwanja.

Najua yanayosemwa mitaani, kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Watu wamelisema kwa sababu wamezika ndugu waliopasuliwa. Wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye ini au mapafu. Kisu kiliukuta umeshasambaa.

Mitishamba unayotumia nitajie, na aspirini pia, maana hiyo hufanya damu ichelewe kuganda. Sitakugombeza. Ninachoogopa ni damu isiyokatika ukiwa mezani.

Sasa suala la ndugu, ambalo kwetu ni zito. Vijana wananifuata mlangoni, "Dokta, mama usimwambie." Ni mapenzi, nayaheshimu. Lakini fomu ya ridhaa inamhusu yeye. Ni yeye atakayeamka bila titi, au akiwa na mfuko wa choo tumboni. Kwa hiyo mama mwenyewe ndiye ninayemuuliza anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaosema, "Mwambie kijana wangu, mimi nitibuni tu," na hilo nalo ni jibu. Njoo na mtu mmoja unayemwamini, awe na kalamu, maana ukishasikia neno saratani mengine yote yanakupita.

Na kuna swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza: operesheni hii ni ya kuniponya au ya kunipunguzia mateso? Uliza. Mzee mwenye saratani ya umio, ile njia ya chakula, hata mate hayapiti, tunaweza kumwekea mpira wa kupitisha chakula akaanza kunywa uji wake. Hajapona, lakini anakula. Kazi hiyo ina thamani kubwa, ila familia ikidhani amepona itauza ng'ombe kwa matumaini ambayo sikuwapa. Ukiambiwa ni ya kuponya, endelea: umeshafanya ngapi za namna hii? Madaktari wengine wamekaa pamoja wakaliangalia faili langu? Daktari anayeijua kazi yake haoni hayo kuwa matusi.

Wengine mtahitaji mionzi, kwa mfano Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando, Mwanza. Treni ya umeme iliyofika hapa Dodoma mwaka 2024 imepunguza adha ya njia ya kwenda Dar. Lakini mionzi kwa kawaida ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Kabla ya kukata tiketi, pitia dawati la ustawi wa jamii hospitalini, ueleze huna ndugu wa kukupokea, uulize utalala wapi.

Mama mwenye kitenge cha njano kule nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja kwapa. Tuanze na wewe.